Historia ya Kaka Yetu, Daktari Ukurasa

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi wa hospitali mliokuja moja kwa moja kutoka zamu, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi seremala, na familia imenituma nisome haya kwa sababu wanasema mimi ndiye nisiyelia ovyo, haya, tutaona.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa mwalimu na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1958, akaenda sekondari ya bweni, ambako aliongoza darasa kila mwaka na kututesa sisi tuliomfuata, kisha akaingia chuo cha udaktari mwaka 1971 na kuhitimu tarehe 2 Desemba 1976.

Januari 1977 alipangiwa hospitali ya wilaya, chumba namba nne, chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka, na huko alikuwa na tabia moja aliyotusimulia mwenyewe, kwamba akisahau kipimo cha dawa alimwambia mgonjwa anakwenda kunawa mikono, kumbe anakwenda stoo kusoma mwongozo wa matibabu, kwa kuwa siku hizo daktari kufungua kitabu mbele ya watu ilikuwa aibu tupu. Mwaka 1980 akaja kutibiwa mshonaji mmoja, dada asiyemung'unya maneno, na daktari alipotoka kunawa mara ya tatu dada huyo akamfuata hadi stoo, akamkuta kainamia kitabu, akamwambia mikono hiyo imeshatakata, basi akasomee chumbani, naye asikie kinachosemwa juu ya mwili wake. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1981, wakajaliwa watoto watatu, na wajukuu watano ambao ndio hao wanaokimbizana hapo nyuma, waacheni wacheze.

Tangu hapo kaka hakuficha tena kitabu, nikamtengenezea kibao cha mteremko cha kukiegemezea mezani, akawa anakifungua hata kwa ugonjwa alioujua kama jina lake. Wenzake walimcheka, wakambatiza Daktari Ukurasa, mkuu wake akadai wagonjwa watakimbia, lakini kaka hakugombana na mtu, kila Jumatano alichemsha chai, akawaalika madaktari walete habari za mgonjwa aliyewatatiza wasome mwongozo pamoja, na aliyekiri kwamba hajui ndiye aliyepewa kikombe cha kwanza. Wapo waliofuata chai tu, wakaishia kununua vitabu vyao. Alistaafu Machi 2011, na hofu yake, aliyonieleza mara nyingi akiwa amekaa kwenye benchi la karakana yangu, ilikuwa kwamba akiondoka yeye, wenzake watarudi stoo.

Agosti mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akalazwa chini ya daktari bingwa aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Bingwa huyo, kila akifika kitandani, aliaga kwamba anakwenda kunawa mikono, mpaka shemeji yangu akaanza kucheka peke yake, akamfuata, akamrudisha na kitabu chake kwapani. Kaka alikuwa anang'ang'ania atundikiwe dripu, maana ukiugua udaktari wote unakutoka, akasomewa kwa sauti mbele yetu kwamba kwa moyo kama wake maji hayo yangemdhuru, akanyimwa. Sijawahi kuona mtu ananyimwa kitu akafurahi vile, alicheka mpaka machozi, akamshika mwanafunzi wake mkono, na tangu siku ile hakuniambia tena habari za stoo.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na wewe bingwa, usiinamishe kichwa, ulimtibu vizuri, tunawashukuru majirani mliotuletea viti na kutupikia, na wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa. Jana hospitali iliniagiza vibao vya kuwekea kitabu, kimoja kwa kila chumba cha daktari, na mbao nimeshazikata. Mniwie radhi, walisema silii ovyo.

Pumzika kwa amani, kaka yangu.