Historia ya Mama Vioo na Kioo Kimoja Kilichopotea

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, anayewasomea ni mpwa wa marehemu, seremala, na karatasi hii imeandikwa na dada mkubwa wa marehemu, ambaye ameagiza isomwe neno kwa neno, na msomaji asiruke mstari hata akiona aibu. Kabla ya yote, kila aliyeketi hapa aweke mkono kifuani aape kimoyomoyo kwamba atakayoyasikia leo hayatafika bombani wala saluni, kwa sababu ndani yake kuna siri ambayo marehemu alimwapisha dada yake asiitoe, naye dada akaapa mara mbili, akaitunza miezi mitatu mizima, jambo ambalo wanaomjua hawataliamini. Mmeshaapa? Haya, siri yenyewe inakuja, tuanze na kuzaliwa.

Marehemu, ambaye sote tulimwita Mama Vioo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu na wa mwisho wa mpiga chapa na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la vitambaa, na tangu utotoni alikuwa mwoga, aliogopa mbwa, radi, sindano, na zaidi ya vyote aliogopa kuulizwa swali asilolijua jibu. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1966, akamaliza 1972, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1976, na kwa kuwa aliogopa damu, kila mtu alicheka aliposema anakwenda kusomea maabara, lakini yeye alijibu kwamba huko damu huwa imeshakauka.

Alianza kazi tarehe 3 Septemba 1979 katika maabara ya hospitali, chumba cha mwisho cha ghorofa ya chini, chenye dirisha moja na harufu ya nta, na kazi yake ilikuwa kupokea vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, kuvigandisha kwenye nta, kuvikata vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kuvitandaza juu ya vioo vidogo ili daktari avitazame kwa hadubini. Vipande vilikuja kwa namba, havikuja kwa majina, na hilo alilishukuru. Miaka ya baadaye zilipokuja dawa za kutafuta protini, yeye ndiye aliyefunzwa kuzitumia, nasi alituelezea hivi: protini fulani ikiwamo ndani ya uvimbe, kipande kinageuka rangi ya kahawia, isipokuwamo kinabaki bluu tupu, na kwa saratani ya koo kahawia hiyo ni habari njema, maana uvimbe wa aina hiyo mara nyingi husikia mionzi, na ule wa bluu huwa mkaidi. Kwenye kila kioo ni lazima uweke pembeni kipande cha shahidi, yaani kipande cha zamani ambacho kinajulikana kuwa cha kahawia, kwa sababu shahidi asipogeuka rangi, basi dawa yako imekufa na jibu lako ni takataka. Wanafunzi wake walimwogopa kwa sheria hiyo, alikuwa akiwaambia, "Kioo bila shahidi ni umbea," na nyumbani aliyarudia maneno hayo huku akimtazama dada yake.

Tarehe 12 Juni 1982 aliolewa na Fundi Saa, ambaye mnamwona pale benchi la mbele, mtu wa vidole vyembamba na maneno machache, ambaye kabla ya ndoa alizunguka miji saba akitengeneza saa za watu, na siku zake za ujana huko tunazijua, naye anajua kwamba tunazijua, hatutazitaja. Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 8 Februari 1984, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu na mama wa watoto wawili.

Mnamo Septemba 2014 Mama Vioo alianza kusikia maumivu kwenye sikio la kushoto, chakula kikawa kinakwama njiani, kisha akagusa chini ya taya akakuta kitu kigumu mfano wa haragwe kavu, akakifunika kwa mtandio, akasema ni jino. Alijua si jino. Kila akimeza mate alihesabu, na binti yake anasema ilifika mahali mama anakaa mezani na kijiko mkononi, anakitazama kama mtu aliyeambiwa ameze moto. Tarehe 20 Novemba daktari wa koo alimkata kipande kwenye findo la kushoto la koo, na kipande kile, kikiwa na namba yake, kikaletwa kwenye meza yake mwenyewe.

Hapa ndipo mwanamke aliyefundisha watu sheria alipoivunja. Saa ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa nje, alikata kipande chake kimoja, akakitia dawa ya protini kutoka chupa iliyobaki nyuma ya friji, na shahidi hakumweka, kwa sababu mashahidi walikuwa kabatini na kufungua kabati ni lazima usaini kitabu, akaogopa jina lake lisionekane. Kipande kilitoka bluu tupu. Alikaa akikitazama mpaka wenzake waliporudi, akawaambia macho yanamuuma, akaitia nta yenye nyama yake kwenye droo, chini ya glavu, akaenda nyumbani kungoja kufa.

Wiki kumi na moja alingoja. Daktari alipouliza majibu, maabara ilijibu kwamba nta haionekani, wakaitafuta wote, na yeye akaitafuta pamoja nao, akiinama chini ya meza na kusema, "Jamani, mbona mambo haya!" Nyumbani aligawa nguo zake, akamwonyesha binti mahali zilipo hati za nyumba, na dada yake alipomshika mkono jikoni kumuuliza kulikoni, ulikuwa wa baridi kama samaki. Haragwe likawa limekuwa jiwe. Mwenzake wa meza ya pili, yule mama mnene tunayemwita Shoga wa Nta, aliyeketi leo safu ya pili, ndiye aliyetafuta glavu tarehe 9 Februari 2015 akaikuta nta chini yake, akasoma namba, akafunga mlango kwa ufunguo, akasema, "Shoga yangu, umeanza lini kujisomea kioo bila shahidi?" Akafungua kabati, akasaini kitabu kwa jina lake yeye, akamweka shahidi, akarudia kwa dawa mpya, na siku ya pili vipande vyote viwili vikatoka kahawia, cha shahidi na cha Mama Vioo, kahawia ya kahawa iliyokolea. Chupa ya nyuma ya friji ilikuwa imepitwa na wakati mwaka mzima.

Tarehe 12 Februari walikwenda kwa daktari, mke na mume, na daktari akaeleza kwamba rangi ile ni alama ya kirusi kinachopita baina ya watu kwa mapenzi, ambacho huweza kulala mwilini miaka mingi kabla ya kuamka. Fundi Saa alisikia hadi hapo, masikio yakaziba, akabaki anatazama saa ya ukutani. Hakusikia daktari akiendelea kusema kwamba karibu kila mtu mzima hukipata, kwamba hakuna anayeweza kusema kimetoka kwa nani, na kwamba kwa saratani hii ni afadhali mara mia kuwa nayo rangi ile kuliko kuikosa.

Kuanzia tarehe 2 Machi hadi 17 Aprili 2015 alipigwa mionzi mara thelathini na tano, kila mara wakimvika barakoa ya plastiki yenye matundu, iliyotengenezwa kwa umbo la uso wake, wakaifunga juu ya meza kwa vibanio asiweze kugeuka, na hofu yake ya humo alimweleza dada yake peke yake, kwamba alikuwa akihesabu hadi mia mbili na kumi, na alikuwa akijiuliza ni nani atamfungua iwapo jengo litaungua. Shingo ikababuka, mate yakakauka, tangu siku hizo hakutembea bila chupa ya maji, lakini uvimbe ulisikia, jiwe likayeyuka, akarudi kazini Agosti, akastaafu kwa heshima tarehe 31 Machi 2018, na akawaona wajukuu wote wawili.

Lakini nyumbani Fundi Saa alikuwa amejitengea kikombe, amejitengea taulo, analala kwenye kiti chake dukani kwa kisingizio cha wezi, na Mama Vioo akaamini mumewe anamwogopa, anamwona najisi, akanyamaza kwa kiburi cha kwao. Miaka minane walipeana chumvi mezani kama wapangaji.

Mnamo Agosti 2023 ugonjwa ulirudi, safari hii mapafuni, na mwezi Oktoba maabara ikampa bahasha yenye nta yake na kile kioo cha kahawia, aipeleke hospitali nyingine ikapimwe protini ya pili, ile inayoonyesha kama dripu mpya ya kuamsha askari wa mwili itafaa. Tarehe 6 Novemba jibu lilitoka, rangi ilikuwa hafifu mno, yaani dripu haitafaa, na shahidi wake alikuwepo, amekolea, hapakuwa na chupa ya kulaumu. Bahasha ilirudi nyumbani, ikawekwa kabatini, na Shoga wa Nta alipokuja kuichukua alikuta nta ipo, kioo cha kahawia hakipo. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu Fundi Saa mwenyewe aliinua godoro, akapekua hata kopo la sukari, akasema, "Shemeji, labda panya," na dada akamjibu, "Panya wa kusoma hadubini?"

Sasa siri. Mwezi Machi mwaka huu, sauti ikiwa imekwisha, Mama Vioo alimwandikia dada yake kwenye daftari: "Anacho yeye. Miaka yote haniogopi mimi, anajiogopa yeye. Anadhani ameniua." Dada akasema, mwambie basi, akaandika: "Nikimwambia mimi atadhani namsamehe, na kosa lenyewe halipo. Mwache akilete mwenyewe. Apa." Dada akaapa, akaapa tena. Akasubiri kila siku macho yakiwa mlangoni, na Fundi Saa kila siku alileta maji, alileta mto, alileta dawa, kioo hakukileta. Mama Vioo alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Familia inamshukuru daktari wa koo na wauguzi wa chumba cha mionzi, inawashukuru majirani waliopika na waliofua, hata wale waliouliza kirusi kimetoka wapi huku wakimenya vitunguu, inawashukuru wafanyakazi wa maabara, na Shoga wa Nta zaidi, kwa miaka tisa aliyotupatia siku ile alipokosa glavu.

Mwisho inamshukuru mume wa marehemu, ambaye leo asubuhi aliomba yeye ndiye awe wa mwisho kulifunika jeneza, na ambaye dada alimwona dirishani akikunja kitu chembamba ndani ya kitambaa chake cha kufutia saa. Msomaji anyamaze hapa, na nyote mtazame benchi la mbele: mkono wake wa kulia uko ndani ya koti, umekishika. Usikizike, shemeji. Rangi hiyo ndiyo iliyompa mkeo miaka tisa, na hakuna daktari duniani anayeweza kuisoma ikatamka jina lako.

Lala bila hofu, Mama Vioo, shahidi wako yupo. Na wewe shemeji, toa mkono, fungua ngumi, bandika jichoni ile lenzi yako ya kutazamia saa, ukitazame kioo hicho mchana huu mbele yetu sote.