Loisi Ndahani, Rubani Aliyeshuka Bila Kusubiri

Ndugu waombolezaji, mimi ni Jordan, kaka wa marehemu. Wazee wamenipa kazi hii. Nikikwama, nivumilieni.

Loisi Filipo Ndahani alizaliwa hapa Makutupora tarehe 14 Machi 1989, binti na mtoto wa pili wa Mzee Filipo na Mama Anastazia, wakulima wa zabibu. Alisoma shule ya msingi hapa hapa. Akiwa darasa la sita alitumwa kwa baiskeli kupeleka tenga la zabibu mjini. Lori likampita kwa kasi, upepo wake ukamtupa mtaroni. Alirudi na tenga tupu akilia, "Baba, lori halikunigusa!" Mzee akaamini kwamba zabibu amezila mwenyewe, na kwa miaka yote alimtania hivyo. Wiki hii ndiyo amemwamini.

Alimaliza kidato cha sita Dodoma mwaka 2008, akasomea urubani Afrika Kusini, akarudi mwaka 2012. Tangu hapo aliendesha ndege ndogo za kukodi, akibeba madaktari, wagonjwa, na siku moja jogoo wa diwani. Alikuwa mwoga na alijivunia woga wake. Ndege kubwa huacha nyuma ya mabawa yake hewa inayozunguka kwa nguvu. Haionekani, lakini inaweza kuipindua ndege ndogo inayotua nyuma yake. Kwa hiyo Loisi alizunguka angani akisubiri, abiria wakinuna. "Nuneni tu," aliwaambia, "mtashuka mkiwa wazima."

Tarehe 6 Agosti 2016 alifunga ndoa na Respicius, mtumishi wa serikali kutoka Bukoba. Walijenga Kikuyu, pale Dodoma mjini, wakajaliwa binti, Aneth.

Hapa kwa kawaida husomwa ugonjwa wa marehemu. Loisi hakuugua. Jumanne tarehe 10 Juni 2025 alikunywa chai kwangu, akanisema kwa kuunguza viazi, akaondoka. Jioni alikuwa akirudi kutoka upande wa Kondoa, amembeba Joha, mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu. Mbele yao ilitua ndege kubwa ya abiria. Mwongoza ndege alimtahadharisha asubiri.

"Nimekuelewa, kaka," alijibu. "Mgonjwa wangu hawezi kusubiri. Nashuka."

Sisi wa Dodoma tumezoea upepo unaofagia kila kitu, na nadhani naye aliutegemea uifagie hewa ya ndege ile kubwa. Jioni ile ulikuwa mdogo mno. Hewa ile ilikuwa bado juu ya njia ya kurukia ndege, ikaipindua ndege yake karibu kabisa na ardhi, upande aliokaa yeye ukatangulia kugonga. Loisi alifariki pale pale. Joha alitolewa hai, akajifungua salama kwa upasuaji.

Nasikia watu wakisema alikosea. Ndiyo, alikosea, na alijua hatari yake kuliko sisi wote. Hilo ndilo linaloniumiza.

Ameacha wazazi wake, mume, binti mmoja na mimi kaka yake. Jana mume wa Joha alikuja msibani kuomba radhi kwa niaba ya mkewe. Mama akamshika mkono.

"Mwanangu, mwambie asituombe radhi. Amnyonyeshe mtoto."

Mungu akupokee, mdogo wangu. Pumzika.