Ndama Mwekundu

Kwenye kiti cha mbele yangu mzee mmoja mfugaji alikuwa akimlalamikia mama waliyekutana humo humo ndani ya basi, mnunuzi wa ng'ombe wa nyama. Mimi nilikuwa nikisikiliza yasiyonihusu.

"Dume jeusi, mama yake mweusi, halafu ndama mwekundu kama tofali!"

"Chotara ndivyo walivyo, mzee wangu," alisema mama. "Wekundu hujificha kwenye damu hata vizazi vitatu. Wazazi wote wawili wakiubeba, unaweza kutokea. Muuze mapema, wateja wangu wanataka weusi."

"Simuuzi. Bibi wa bibi yake alikuwa hivyo hivyo. Marehemu mke wangu ndiye aliyemleta kutoka kwao."

"Kawaonyeshe watoto, wafurahi."

"Watoto hatukujaliwa. Anayemkumbuka ng'ombe yule ni mimi tu niliyebaki. Nikisema wamefanana, nani ataniitikia?"

Mama aliacha habari za kuuza, jambo ambalo wanunuzi wa ng'ombe hawalijui sana. Kisha akauliza, "Alikuwaje?"

Mzee akamweleza kuanzia pembe mpaka mkia. Basi liliposimama, akainuka. "Haya, mwanangu. Sasa tunaomjua tuko wawili."

Tulikuwa watatu, lakini nilijifanya nimelala.