Adui wa Sauti Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hata kwa hiki kisauti changu cha mkwaruzo, asifiwe! Najua ninyi wa nyuma hamnisikii vizuri. Zamani nikiimba hapa mlikuwa mnanisikia mpaka kule kwenye mashine ya kusaga, na leo nimesimama niwaambie sauti ile ilikwenda wapi.

Wakubwa mnanijua kama Devota wa kwaya, mwimba solo. Watoto wenu wananijua kwa jina jingine: Mama Jaba. Kazi yangu ni kuingiza sauti kwenye katuni. Zinakuja zikisema lugha za wenyewe, sisi tunazifanya ziseme Kiswahili. Studio yetu iko hapahapa Kihonda, chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, jirani na fundi wa mageti. Akianza kukata chuma, sote tunanyamaza mpaka amalize. Jaba ni mtoto wa kiume mwenye masikio makubwa, analelewa na bibi yake, na sauti yake ilikuwa mimi. Msicheke! Watoto wa kiume kwenye katuni tunawasemea sisi wanawake, kwa sababu mtoto wa kweli ukishamzoea tu, anabalehe, sauti inakuwa nzito. Lilipotoka na gemu lake la kwenye simu, nilishinda mchana mzima narekodi Jaba akiruka, akiteleza, akiangukiwa na nazi, mpaka mke wa fundi akaja kugonga mlango kuuliza nani anapigwa humo ndani.

Ndugu zangu, niliipenda kazi ile. Binti yangu Upendo alikuwa akitembea mtaani kifua mbele, mama yake ni Jaba. Nikienda dukani watoto wananiomba niseme kidogo, nami nasema, wanaanguka kwa kicheko. Nani hapendi kupendwa?

Halafu akaja Zuhura.

Zuhura ni binti wa Kiluguru, kwao Kinole huko juu milimani, alishuka mjini kusomea ualimu. Ana adabu. Shikamoo yake inakuja kabla hujafika. Kaka Shabani, mwongozaji wetu, alimsikia akiwasimulia watoto hadithi shuleni, akamleta ajaribu. Alimjaribisha sauti ya Jaba. Baadaye akaniita pembeni, akakohoakohoa, akasema sauti yangu imeanza kuwa nzito, Jaba anasikika kama mtoto mwenye mafua. Akasema kuna nafasi nyingine nzuri sana kwangu. Bibi yake Jaba!

Nilipewa ubibi, ndugu zangu. Mimi ambaye hata mvi sina!

Wivu ulinipanda kutoka kwenye nyayo. Nilikuwa nakaa kwenye benchi nikimsikiliza yule binti akisema maneno yangu, na roho inaniuma kama jino. Akikosea nafurahi. Akipatia natafuta kosa. Nikasema analeta lafudhi ya mlimani, Kaka Shabani akasema ndiyo hiyo anayoitaka, inamfanya Jaba awe na kwao. Na nilipofika nyumbani nikamkuta Upendo mbele ya televisheni, anacheka mpaka machozi. Akaniambia, "Mama, Jaba sasa hivi anachekesha kweli."

Sasa hivi! Mwanangu wa kumzaa! Chakula hakikupita siku ile.

Ndipo nikaja kwenu. Mnakumbuka lile kundi la maombi la Jumatano? Nilisimama nikasema kuna adui amesimama juu ya sauti yangu, naomba mfunge na kuomba. Jina sikulitaja. Mkadhani ni pepo, na mimi sikuwasahihisha. Mlifunga, jamani! Mama Mchungaji alikemea mpaka kilemba kikamdondoka. Mlimwamuru adui anyamaze, koo lake likauke, asisikike tena. Na mimi nikaitika amina kuliko wote. Wapendwa, mlikuwa mnamkemea mtoto wa watu, wakati ule yuko zake nyumbani Bigwa, anafua.

Nami huku nyuma sikukaa bure. Kila siku Upendo akienda shule, najifungia jikoni, nafanya sauti ya Jaba. Nilitaka Kaka Shabani anisikie, aone aibu. Nikawa naipandisha, naipandisha, koo linachoma, nakunywa maji, napandisha tena. Nilijiambia hiyo ndiyo imani.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Asubuhi moja nilifungua kinywa nimwamshe Upendo, kikatoka kiupepo tu. Hakuna kitu. Daktari akanimulika, akasema nyuzi za sauti zimevimba vibaya na zimechubuka, nisiseme neno wala kunong'ona mpaka yeye aseme. Na akasema ukweli wote: huenda isirudi kama ilivyokuwa. Mnaona? Maombi yenu yalijibiwa. Adui alinyamazishwa, koo lake likakauka!

Nililia, na hata kilio chenyewe hakikuwa na sauti. Nikamwambia Mungu moyoni, nirudishie sauti yangu hata kama hunirudishii kingine chochote. Na bado nilikuwa namshtakia Zuhura.

Basi huyo Zuhura akaja nyumbani. Alibeba tangawizi mbichi kutoka shambani kwa bibi yake, akainama, shikamoo mama, pole mama. Akaingia jikoni mwangu, jikoni mle mle, akanichemshia. Kisha akaniambia ana shida. Ile sehemu ya Jaba kupotea msituni imemshinda. Kwetu kila mtu anarekodi peke yake, sauti zinaunganishwa baadaye, na yeye anatakiwa amwite Bibi akiwa ametazama ukuta wa magodoro.

"Nimejaribu, mama, kilio hakitoki," aliniambia. "Namlilia nani? Njoo ukae tu, nikuone."

Nilitikisa kichwa kukubali, na msinione mtu mwema. Nilisikia "imemshinda" tu, moyo wangu ukapiga vigelegele. Nilikwenda kumwona akishindwa.

Nikakaa upande wa pili wa kioo na vifaa vya masikioni vimenibana. Fundi alikuwa amekwenda kula, palikuwa kimya. Zuhura akanitazama. Akavuta pumzi, ile pumzi fupi fupi ya mtoto aliyekimbia, halafu akaita, "Bibi! Bibi, niko huku!"

Ndugu zangu, mimi nimeitwa na mtoto. Mimi ni mama, ile sauti naijua. Haikuwa ya Zuhura, na haikuwa yangu iliyoibiwa. Ilikuwa ya mtoto aliyepotea, anaita, na anayeitwa ni mimi. Niliposhtuka nimeshasimama, kiganja changu kiko kwenye kioo, mdomo unajaribu kuitika na hautoi kitu. Siku nyingi nilimwomba Mungu anirudishie sauti ili niwe Jaba. Siku ile nilimwomba sauti ili nimjibu Jaba. Nilikaa chini nikagundua kifua changu kimelegea. Lile jino halikuwepo. Bwana alikuwa ameling'oa mchana kweupe, ndani ya chumba cha magodoro!

Daktari aliponiruhusu kusema, nilirudi studio nirekodi jibu. Sauti niliyopewa ndiyo hii mnayoisikia, ya mkwaruzo, na haipandi tena. Wakanichezea ule mwito masikioni. Nikaitika, "Naam, mjukuu wangu. Nimekusikia. Kaa hapo hapo." Kaka Shabani hakutaka nirudie.

Zuhura nilimwambia yote, pamoja na mfungo wenu. Alinitazama, akaanza kucheka. "Mama, kanisa zima kwa ajili yangu? Hata msikitini kwetu sijawahi kuombewa hivyo." Nilitaka kuchukia, nikacheka naye.

Na katuni ile ilipoonyeshwa, nilikaa na Upendo. Jaba alipoita, mwanangu alinishika mkono. Bibi alipoitika, akashusha pumzi, akaniegemea. Sikumuuliza nani amechekesha.

Ndugu yangu unayenisikia, kama kuna mtu ambaye akisifiwa wewe chakula hakipiti, mpe Yesu moyo huo leo kama ulivyo, usiusafishe kwanza. Mwamini. Anaweza asikurudishie ulichokililia. Mimi hakunirudishia, na nawaambia hanidai wala simdai.

Lakini sitawadanganya. Jumapili hii dada Rehema ndiye anayeimba solo yangu. Nimemsikia mazoezini. Anaimba vizuri, na alipofika kwenye kile kipande cha juu nilichokuwa nakipenda, kuna kitu kilinichoma kidogo hapa.

Kwa hiyo naomba tena lile kundi la Jumatano mfunge kwa ajili yangu. Na safari hii jina la adui nalitaja, ili msikosee mtu. Anaitwa Devota. Mkemeeni, wapendwa, na mimi nitaitika amina.