Kila Asubuhi Tulisema Hakuna Kikwazo

Walisema sitafika. Mjomba wangu mmoja alisema mbele ya watu, tumekaa matangani, kwamba kompyuta ni kazi ya kukaa, na mtu wa kukaa hakui ila tumbo. Mwalimu wangu wa hesabu alisema nitaishia kuwachapia watu barua pale stendi ya Same. Na siku niliporudi kutoka Dar es Salaam, godoro langu likiwa juu ya basi, jirani aliyekuwa anachuma maharage aliinua kichwa akaniuliza, "Umekuja kusalimia, au umekuja?"

Nikamjibu, "Nimekuja."

Akarudi kwenye maharage yake.

Ndugu zangu wanachama wa kikundi hiki, mmenipa nafasi nisimame mbele ya mkutano wetu wa mwaka, na sitajifanya mnyenyekevu. Mimi ni mtoto wa Suji, huko milimani Upare. Baba yangu alikuwa mkata mkonge huko chini tambarare, na shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi akapunguzwa kazi, akarudi mlimani na jembe. Nilijisomesha mwenyewe. Nina diploma ya kompyuta, na diploma yangu imefanya kazi ambazo zimewashinda watu wenye digrii. Hilo nitalisema hata mbele ya askofu. Lakini kuna kitu kimoja kiliniangusha, na nitakitaja kwa jina: kinaitwa Scrum.

Msicheke. Nitaeleza mpaka mama yangu yule wa nyuma kabisa aelewe.

Scrum ni utaratibu wa kufanya kazi kwa timu, na sana sana hutumiwa na sisi tunaotengeneza programu za kompyuta. Kazi inakatwa vipande, kila kipande kinaandikwa kwenye kadi na kupewa pointi kulingana na ugumu wake. Mnafanya kazi kwa vipindi vya wiki mbili, kila kipindi kinaitwa sprint, maana yake mbio. Na kila asubuhi timu nzima inasimama duara, kila mtu anajibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, na una kikwazo gani. Ukisikia hivyo unaona ni jambo zuri. Hata mimi nilipiga makofi siku walipotuletea.

Kampuni niliyofanya kazi Dar nilikuwa nimekaa nayo miaka, na sijisifu bure nikisema nusu ya programu zake zilipita mikononi mwangu. Mkuu wa idara yetu alikuwa mtu mzima, rika la baba zetu. Sasa fikirini, ndugu zangu. Asubuhi vijana wamesimama duara, mzee yuko katikati, na mazungumzo yanakwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kikwazo?"

"Hakuna, mzee."

Anahamia kwa mwingine. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kikwazo?" "Hakuna, mzee." Hivyo hivyo mpaka duara linafungwa. Wakati huo programu inaoza ndani, na wote waliosimama pale wanajua. Nani atamwambia mtu wa umri wa baba yake, watu wanatazama, kwamba mpango wake ni mbovu? Waliotunga maswali yale hawajawahi kuamkia mtu kwa shikamoo.

Mimi nilisema. Nilisema kikwazo ni kwamba msingi wa programu ya mteja wetu mkubwa umechakaa na lazima tusimame tuutengeneze. Mzee akatabasamu, akasema, "Hilo tutaliongea pembeni." Pembeni sijafika mpaka leo.

Nikaamua kuutengeneza mwenyewe, huku nikifanya kazi zangu nyingine. Lakini kutengeneza msingi hakukuwa na kadi, na pasipo kadi hapana pointi. Ukutani palikuwa na mchoro unaoonyesha pointi za kila mtu, na mstari wangu ukawa unashuka. Mwenzangu mmoja alikuwa anakata kazi ya saa moja kuwa kadi nne, mstari wake unapanda kama moshi. Akapewa zawadi ya fulana. Mwisho wa kila mbio kulikuwa na kikao cha kusema yaliyokwenda vibaya, na tuliambiwa tuseme bila woga. Nikasema bila woga. Baada ya hapo nikasikia kwamba sina moyo wa timu.

Halafu programu ya yule mteja ikazimika katikati ya siku ya kazi, pale pale nilipopasema. Watu wakatafuta wa kumbebesha lawama, wakatazama ukutani. Mstari wa chini kabisa ulikuwa wangu. Nikapewa barua.

Nawaambia, kufukuzwa si kitu. Kilichoniumiza ni kilichobaki mwilini. Nimerudi nyumbani Suji, hakuna kazi, hakuna bosi, lakini ikifika saa tatu asubuhi, saa ile ya kusimama duara, moyo unaanza kunipiga kama nimekimbia mlima. Siku moja mke wangu alinikuta kwenye migomba nimesimama wima, mikono nyuma.

"Baba watoto, unaongea na nani?"

Nilikuwa nasema jana nilifanya nini na leo nitafanya nini. Naiambia migomba.

Hakucheka. Aliniambia nikae, akaniletea uji, akaenda kuuza ndizi zetu gulioni peke yake. Nilikaa hivyo msimu mzima. Kompyuta nikiifungua naifunga tena. Mimi, ambaye walikuwa wananiita Dar nzima nikawasaidie!

Mlionitoa pale mmo humu ndani. Kamati ya maji ya kijiji kimoja juu kule, ukitoka Myamba, ilikuwa inatafuta mtu. Mnajua ndiva zetu: bwawa linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa, na kila mkulima ana zamu yake ya maji kwenye mfereji. Watu walikuwa wanatembea mlima mzima kuulizia zamu. Kamati ilitaka programu itakayomtumia kila mkulima ujumbe kwenye simu: kesho ni zamu yako. Na shirika moja la wafadhili likakubali kusaidia.

Sikuwa na kitu. Mmoja wenu akaniazima kompyuta. Mwingine akaniazima sola na betri. Mwingine pikipiki. Na mama mmoja mjane wa hapa Same mjini akaniazima chumba cha mbele cha nyumba yake. Nikawachukua wenzangu wawili, binti wa kule Kifaru na kijana wa hapa mjini, wote wametoka chuoni. Kamati ikaniambia wazi: ukituharibia kiangazi hiki, hatutakuita tena, na hakuna kijiji cha Upare kitakachokuita. Jina langu lote lilikuwa kwenye mfereji ule.

Na mfadhili alileta sharti gani? Scrum! Kila asubuhi tusimame, na afisa wake atutazame kwenye simu kutoka mjini kwake.

Tukasimama. Sasa mkubwa ni mimi, nimesimama katikati, nauliza, "Kikwazo?" Binti anasema, "Hakuna, kaka." Kijana anasema, "Hakuna, kaka." Afisa kwenye simu anafurahi, anainua dole gumba.

Wiki mbili zikaisha, tukaanza kuwatumia wakulima ujumbe. Siku ya tatu asubuhi watu watatu walifika mfereji mmoja, kila mmoja ameshika simu, kila mmoja anasema zamu ni yake. Mzee mmoja aliniinulia jembe. Akasema, "Hii simu yako ninyweshee maharage?" Mwenyekiti wa kamati akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Hakunipandishia sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilirudi tulikofikia nikawauliza wenzangu kuna nini. Wakanijibu yale yale: Hakuna, kaka.

Kesho yake baragumu likalia kijijini. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Mfereji umeziba, kila mtu atoke na jembe. Tulikuwa tumelala kijijini, na mtu aliyeko kijijini hakai ndani msaragambo ukiitwa, hata awe na diploma. Tukapewa kipande chetu cha kuzibua, sisi watatu, bega kwa bega, macho kwenye tope.

Hatujafika mbali, binti akasema bila kuniangalia, "Kaka, siku ndiva isipojaa, zamu haisogei."

"Unasemaje?"

"Bwawa lisipojaa usiku, siku ile haihesabiwi. Mwenye zamu anasubiri kesho. Programu yetu inasogeza zamu kila siku, ndiyo maana walikutana watatu. Nilijua tangu Jumatano."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kadi ilitakiwa ifungwe Ijumaa. Na wewe umesimama pale kama bwana harusi, na yule mzungu kwenye simu. Ningekuambiaje?"

"Yule si mzungu, ni mtu wa Tanga," akasema kijana.

"Mtu wa Tanga anayesema 'hai timu' saa tatu asubuhi?"

Tulicheka mpaka majirani wa kipande cha juu wakauliza kulikoni. Kisha kijana naye akamwaga yake yote: namba za simu zilizorudiwa, watu wenye simu moja nyumba nzima, yote. Tulipofika mwisho wa kipande nilikuwa nimejua zaidi ya nilichojua kwa mbio nzima.

Hapo ndipo nilipopona, ndugu zangu. Pale kwenye tope. Niliona kwamba sikuwa mgonjwa, wala sikuwa mvivu. Sisi mtu hatumwambii mkubwa kosa lake tukiwa tumesimama tumemkazia macho. Tunamwambia tukiwa tunafanya naye kazi, mikono ikiwa na shughuli. Utaratibu ule ulikuwa umeufungia ukweli mlango, halafu ukauliza kila asubuhi mbona hauingii.

Nikampigia afisa. Nikamwambia hatutasimama tena.

"Lakini hiyo siyo Scrum," akasema.

"Ndiyo maana nina furaha."

Tukafanya kazi kimsaragambo. Kipande kinapimwa, mnakifanya pamoja meza moja, aliyemaliza anamsaidia mwenzake, na hakuna anayehesabiwa pointi. Kazi imekwisha maji yakipita, hayajapita haijaisha, hata kama ni Ijumaa. Kitu kimoja tu nilikibakiza, na nakisifu kwa sababu mimi ni mtu wa haki: kila baada ya wiki mbili, Scrum inakulazimisha umwonyeshe mwenye kazi ulichofanya. Hilo ni jema. Bila hilo ningeharibu kiangazi kizima badala ya asubuhi moja. Tulikuwa tunapanda hadi ndiva na simu zetu, wakulima wanatugombeza hapo hapo, tunarekebisha hapo hapo. Mengine yote, makadi na michoro na kusimama duara, wabaki nayo wenyewe.

Kabla ya mwisho wa mwezi zamu zilikuwa sahihi. Kiangazi kile kilikuwa kikali, mnakikumbuka, na kwenye mfereji wetu hakuna aliyemwinulia mwenzake jembe. Sasa vijiji vingine vinaniita, na wananiita kwa jina langu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu kwa uji na kwa kutonicheka. Nawashukuru wenzangu wawili, na kamati, na ninyi mlioniazima vitu wakati hata mimi sikujiamini. Na anayesimamia watu, iwe kiwandani, shuleni au kwenye kikundi kama hiki, nampa neno moja: ukiuliza kila siku ukajibiwa kwamba hakuna tatizo, acha kuuliza, chukua jembe ukae pembeni yao.

Wiki iliyopita nilizunguka kuwarudishia. Kompyuta niliirudisha ikiwa safi. Sola na betri nilivipeleka mwenyewe mlimani. Pikipiki niliirudisha na matairi mapya, mwenyewe yuko pale, muulizeni. Nikamalizia kwa yule mama mjane. Nikampa funguo ya chumba kwa mikono miwili, nikamwambia, "Shikamoo mama. Nimekuja kurudisha. Asante."

"Marahaba, baba." Akaitazama ile funguo, akanirudishia mkononi. "Na kompyuta zako utaziweka wapi, barabarani? Nenda kafanye kazi. Ila kuanzia tarehe moja unalipa kodi kama wapangaji wengine."