Kikaratasi Juu ya Skrubu

Kwenye treni ya asubuhi, fundi cherehani mmoja, futi ingali shingoni, alikuwa amepakata mashine ya kuchezea kanda kama mtu aliyepakata mgonjwa. Mimi nilikaa nyuma yake, nikajifanya nasinzia.

"Hii ni ya bei mbaya, dada," alimwambia mama mwenye sare ya uuguzi aliyekaa kando yake. "Kwa wakala sikuiweza. Nikaipata nusu bei kwa jamaa mmoja wa uchochoroni. Juzi imemeza kanda ya marehemu mama. Sauti yake sina nyingine."

"Pole, kaka. Wakala anasemaje?"

"Ameigeuza, akakuta namba yake ya kiwandani imekwanguliwa. Hataki hata kuigusa."

"Basi ifungue mwenyewe."

Fundi alifunika kwa kiganja kikaratasi kilichobandikwa juu ya skrubu. "Jamaa alisema nikikichana hiki, waranti imekufa."

"Na jamaa mwenyewe yuko wapi?"

"Amefunga duka. Simu haipatikani."

Duka limekufa, waranti iko hai. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mtu anayefumua mishono ya watu kutwa nzima alikuwa anaogopa kikaratasi kisichozidi kifungo cha shati.

"Mama yako yumo humo ndani," muuguzi alisema taratibu, "na wewe unalinda karatasi."

"Nikiichana, dada, nitakuwa nimekubali kwamba nilitapeliwa."

"Mama angesemaje?"

"Angenicheka kwanza." Akaipapasa mashine. "Hicho kicheko ndicho kilichomo humu."

Treni ikasimama. Akashuka ameikumbatia, kiganja bado kiko palepale.