Wilfrid Aldersike, Aliyehesabu Jina Lake

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Mavis Pratt, katika kanisa la Mtakatifu Oswald, Ulgarth, Ijumaa tarehe 2 Februari 2024.

Wilfrid Thomas Aldersike alizaliwa Alhamisi tarehe 3 Machi 1938, saa kumi na moja alfajiri, katika shamba la High Intake juu ya kijiji hiki cha Ulgarth, bonde la Harradale, Yorkshire. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Joseph Aldersike, mfuga kondoo, na mkewe Hannah. Mimi nilimfuata miaka minne baadaye. Saa nimeitaja kwa makusudi, maana angekuwepo angeniuliza. Kwake yeye, wasifu usio na tarehe ulikuwa porojo.

Alianza shule hapa kijijini mwaka 1943. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikuja mwalimu mgeni kutoka kusini, akasoma majina darasani, akafika kwa Wilfrid akasimama. “Aldersike? Jina gani hilo? Umelitunga mwenyewe?” Darasa zima likaangua kicheko. Jioni ile kaka hakuja kunywa chai. Alikuwa hapo nje, makaburini, na daftari la hesabu, ananakili mawe. Asubuhi akamwekea mwalimu daftari mezani. “Sikulitunga, Mwalimu. Hawa hapa kumi na tisa, na wote wamekufa.” Alichapwa viboko viwili kwa ufedhuli. Nadhani tangu siku ile hakuwahi kulifunga lile daftari.

Aliacha masomo mwaka 1954, baba alipoumia mgongo. Tarehe 1 Oktoba 1956 aliajiriwa Posta, akawa tarishi wa bonde hili kwa miaka arobaini na miwili, theluji na matope, hadi alipostaafu mwaka 1998. Wengi wenu mlio hapa mlipokea barua zenu za kwanza kutoka mkononi mwake. Pia mlimkuta mara nyingi ameegemea ukuta wa mawe, anamhoji bibi kizee wa watu juu ya shangazi wa shangazi yake.

Tarehe 14 Julai 1962, katika kanisa hilihili, alimuoa Enid Metcalfe, binti wa mhunzi. Walikwenda fungate Scarborough. Siku ya kwanza, mchana, Enid alisimama dakika arobaini kwenye mvua nje ya kibanda cha simu, mumewe yuko ndani anapekua kitabu cha simu cha mji, ukurasa wa A. Alipotoka, Enid alimwambia, “Sasa nieleze, Wilfrid. Umenioa mimi au umeoa kile kitabu?” Kaka akajibu, “Hakuna Aldersike hata mmoja, Enid. Scarborough nzima!” Huku anafurahi. Enid alisimulia kisa hicho miaka arobaini na saba, na kila mara alicheka mpaka akafuta macho.

Sasa niseme habari ya jina, kwa sababu bila jina huyu mtu haelezeki. Pale juu ya High Intake kuna kijito chembamba kinachopita chini ya miti ya alder, ile ipendayo maji. Kwa kimombo cha zamani cha bonde hili kijito cha namna hiyo huitwa sike. Basi mahali paliitwa Alder Sike, na watu wa pale wakaitwa hivyo. Kaka aliandika barua kwa kila mtu mwenye jina hilo aliyemwona katika kitabu chochote cha simu cha nchi hii. Katika sensa ya mwaka 1881 aliwakuta hamsini na saba, na hamsini na mmoja kati yao wangeweza kufika kanisani hapa kwa miguu na kurudi siku hiyohiyo. Mwaka 1996 walibaki thelathini na mmoja. Mimi simo. Niliolewa na Bwana Pratt mwaka 1965, na kaka alinipigia mstari wa kunifuta jioni ya harusi yangu, kabla keki haijaisha.

Mti wa ukoo aliuchora nyuma ya karatasi za kupambia ukuta, kwa kuwa hakuna karatasi nyingine ndefu kiasi hicho. Kanuni yake ilikuwa moja. Jambo lisilothibitishwa aliliandika kwa penseli. Likipata hati mbili za kulithibitisha, alilipitisha wino. Hati moja haikutosha, hata iwe ya askofu. Wote wafanyao kazi hii wana kanuni zao, lakini sijasikia wa kuishika kama yeye. Aliivunja mara moja tu. Alimpata Johannes wa Aldersike katika orodha ya kodi ya mwaka 1379, na alikuwa na mzee wetu William, aliyebatizwa hapa mwaka 1741. Katikati palikuwa na miaka mia tatu na sitini bila hata karatasi moja. Aliunganisha kwa penseli, kisha akakaa nayo miaka, kisha akaipitisha wino. Alitaka sana iwe kweli.

Sehemu inayofuata nimeiandika mara tatu. Kasisi wetu amenishauri niiache. Siiachi.

Wilfrid na Enid hawakujaliwa kuzaa. Tarehe 7 Mei 1974 mahakama iliwakabidhi mtoto wa kike wa wiki sita, wakamwita Rosalind. Kaka alimpenda mtoto yule, asije mtu akaniambia vingine. Alimbeba mgongoni akigawa barua. Alimfundisha kusoma kwa mawe ya makaburi. Alipofeli hesabu alikaa naye mezani majira yote ya baridi mpaka akafaulu.

Tarehe 24 Agosti 1996 kaka aliwaita Aldersike wote wa duniani kwenye ukumbi wa kijiji. Walikuja ishirini na sita pamoja na wenzi wao, wawili kutoka Kanada. Mti ulitandazwa ukutani, mita tisa, na juu yake kitambaa kimeandikwa “Miaka Mia Sita ya Damu Moja.” Rosalind alikuwa na miaka ishirini na miwili, amevaa aproni, anazungusha sinia la chai na keki ya tangawizi. Mama mmoja wa Kanada akamuuliza kwa wema kabisa, “Na wewe binti, uko wapi hapa?” Rosalind akacheka, akaweka sinia chini, akafuata mstari kwa kidole hadi mwisho. Nilikuwa karibu. Niliona kidole kikisimama. Chini ya Wilfrid na Enid palikuwa na maneno mawili kwa wino. Bila uzao.

“Baba,” akaita. “Mimi niko wapi?”

Kaka alikuja na kikombe mkononi. “Rosalind, huu ni mti wa damu tu. Ndivyo unavyoandikwa. Usiuchukulie vibaya, mwanangu.”

“Mwanangu? Hapa pameandikwa huna mwana.”

“Ni kanuni, Ros.”

“Kanuni ya nani? Si yako?”

Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya keki. Enid akamfuata nje. Kaka akabaki pale na kikombe, na mimi, shangazi mtu, nikaendelea kugawa chai. Nasema haya kwa aibu. Wiki iliyofuata ilikuja barua ya Rosalind kutoka Leeds, kurasa nne. Kaka aliisoma mara moja, akaifungia kabatini, na hakuijibu.

Rosalind akawa daktari wa mifugo hukohuko Leeds. Hakubadilisha jina, hata alipoolewa. Kila mwaka kitabu cha simu cha Leeds kilikuwa na R. Aldersike mmoja, na kila mwaka kaka alihesabu nchi nzima akauruka mstari ule. Enid alikwenda kumwona binti yake kwa basi, kila mwezi, hadi alipofariki tarehe 2 Juni 2009. Kwenye mazishi yale baba na mtoto walikaa pande mbili za kanisa hili.

Mwezi Machi 2011, watu wa parokia walipokuwa wanahamisha sanduku la chumba cha mavazi ya kasisi, kaka alipata kitabu cha mikutano ya wazee wa kanisa cha karne ya kumi na nane. Alikuja kwangu mchana, hakuvua hata kofia.

“Mavis, keti.”

“Nimeketi tayari, kaka. Nani kafa?”

“Sote.” Akanisomea. Tarehe 11 Februari 1741, mtoto mchanga wa kiume, asiyejulikana wazazi wake, ameokotwa mlangoni pa zizi la kondoo la Alder Sike. Wazee wameamua abatizwe William, na kwa kuwa hana jina, apewe la mahali alipookotwa. Kaka alikuwa na daftari la ubatizo upande wa pili, siku ileile, William yuleyule. Hati mbili.

Johannes wa mwaka 1379 hakuwa wetu. Hakuna damu ya Aldersike, ndugu zangu, wala haijawahi kuwepo. Sisi wote ni uzao wa mtoto wa kuokotwa, ambaye watu wa bonde hili walimpa jina wakamlea.

Kaka alilia jikoni kwangu. Alisema, “Nimemfukuza Ros kwa kitu ambacho mimi mwenyewe sina. Nitamwambia nini?” Na mimi, badala ya kumvalisha koti na kumpakia kwenye basi la Leeds, nilimjibu, “Nani atajua, Wilfrid? Kirudishe kitabu sandukuni.” Niliogopa kuchekwa kijijini. Nilikuwa na miaka sitini na tisa, na mstari wangu mwenyewe umeshapigwa, lakini bado nilijivunia ile miaka mia sita. Akanisikiliza. Aliacha kuandika barua zake kwa Aldersike wengine, hakutoa sababu. Miaka kumi na miwili akaishi na jambo lile peke yake, akawa mtu wa kukasirika upesi, na wengi mlidhani ni uzee.

Tarehe 20 Novemba 2022 alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yakawa yanatoka mojamoja kwa taabu. Alihamishiwa nyumba ya kutunzia wazee chini ya bonde, ambako alitunzwa vizuri, na familia inawashukuru wauguzi wale. Mwezi Oktoba 2023 nilijikaza nikampigia Rosalind simu, nikamweleza yote, hadi zizi la kondoo.

“Ros? Upo?”

“Nipo, Shangazi. Kwa hiyo tangu 2011 anajua, na bado mimi ni ‘bila uzao’?”

“Anaona haya, mwanangu.”

“Mimi niliona haya mbele ya ukumbi mzima. Mwambie ayafute yale maneno. Akishayafuta nitakuja, hata kama ni usiku wa Krismasi.”

Nilimfikishia ujumbe neno kwa neno. Akageukia ukuta. Kesho yake akamwagiza muuguzi amletee mti wake, kalamu, wino na sanduku la hati. Wiki sita alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Nilipoingia aliufunika kwa shuka. Tarehe 15 Desemba alinishika mkono, akasema, “Mlete. Ros. Aone.”

Theluji ilikuwa imeziba barabara ya juu. Krismasi ilikuwa inakaribia, na mimi nina umri wa miaka themanini na mmoja na siipendi simu. Nikamwambia, “Baada ya mwaka mpya, kaka.” Mwaka mpya ukaja, nikapata mafua, nikasema wiki ijayo. Sikupiga. Hilo ni langu, wala simtupii mtu mwingine.

Wilfrid Thomas Aldersike alifariki Ijumaa tarehe 19 Januari 2024, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, kama alivyopenda.

Siku iliyofuata, nikitafuta cheti chake cha kuzaliwa, niliufunua mti. Kitambaa cha miaka mia sita, ambacho bado kimebandikwa juu yake, amekiandika upya kwa maneno mengine: “William, ameokotwa, 1741.” Johannes amekatwa. Na chini kabisa, mahali pa yale maneno mawili, karatasi imekwaruzwa kwa wembe hadi imekuwa nyembamba. Juu yake, kwa herufi zilizopinda za mkono wa kushoto, kuna jina na tarehe kamili. Limeandikwa kwa wino. Hati mbili zimebandikwa pembeni, kama kanuni yake ilivyotaka. Ya kwanza ni hati ya mahakama ya tarehe 7 Mei 1974. Ya pili ni ukurasa wa mwisho wa ile barua ya kutoka Leeds, ya hasira yote ile, ambayo Rosalind aliisaini jina lake zima, Rosalind Aldersike. Alikuwa ameitunza miaka ishirini na saba, na alipotafuta ushahidi kwamba huyu ni mwanawe, ndiyo aliyoipata.

Kwenye kona ameandika hesabu yake ya mwisho ya wenye jina hili duniani. Kwa miaka mitano mfululizo alikuwa ameandika kumi na watatu, na wakati huo hakuna aliyezaliwa. Ameikata, ameandika kumi na wanne. Leo tunamtoa yeye mwenyewe.

Mti tumeutundika ukumbini, ukuta uleule, na chai iko tayari baada ya maziko. Mwenye kutaka kuusoma ausome, lakini naomba mtu mmoja aliyekaa benchi la mwisho karibu na mlango apishwe aanze.

Marehemu ametanguliwa na mkewe, Enid. Ameacha mdogo wake, Mavis, na wapwa wawili, Geoffrey na Lorna. Ameacha wenye jina lake kumi na watatu.

Ameacha mtoto mmoja, Rosalind.

Lala salama, kaka. Amekuja.